Kumfundisha mtoto kuandika kwa kunakili sentensi: mwongozo kwa wazazi wa Bukavu

Kila mwezi wa tisa, masomo yakifunguliwa, mlango wangu hapa Kadutu haupumziki. Mama mmoja anafika na kaye ya mtoto kwapani, baba mwingine ananisimamisha njiani nikitoka sokoni, na maneno ni yale yale: "Mwalimu, huyu mtoto anaandika kama kuku anayeparua udongo. Nimpe nini aandike?" Nikiuliza wamejaribu nini, karibu wote wamejaribu dawa moja. Wamemwandikia mtoto sentensi juu ya ukurasa, wakamwambia aijaze mpaka chini, wao wakarudi jikoni.

Ninawaelewa, maana hata mimi nilianza hivyo. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilimpa mtoto mmoja "Mama anapika" aiandike mistari ishirini. Mstari wa tano, "anapika" ikawa "anapka". Mistari kumi na tano iliyofuata yote ilikuwa "anapka", imenyooka, safi, na nilikuwa nimemfundisha kosa kwa mkono wangu mwenyewe.

Faida ya kunakili iko katika ile nafasi fupi kati ya kuangalia na kuandika, pale mtoto anapolibeba neno kichwani kabla ya kulitua kwenye mstari. Ukiiondoa nafasi hiyo, anachora tu. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuilinda. Ni kwa watoto wa miaka 5 hadi 8 hivi, wa materneli (chekechea) ya mwisho na miaka miwili ya kwanza ya shule ya msingi.

(Nitaandika kaye, kreyo, biki na masomo kama tunavyosema nyumbani. Najua vitabu vinasema daftari, penseli, kalamu na shule.)

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kaye ya mistari miwili, ile ambayo mwili wa herufi unakaa katikati ya mistari. Ukiikosa, chukua kaye ya kawaida, chora mstari wa pili kwa rula milimita 5 juu ya ule wa chini. Kwa mtoto wa miaka 5, fanya milimita 8. Usimpe kaye ya miraba midogo ya hesabu.
- Kreyo mbili za HB, fupi. Kreyo mpya ikate katikati. Kreyo ndefu inamlemea mtoto mkononi, na ncha ya nyuma inamchoma jirani.
- Kibao cha chaki, hata kama ni kipande cha mbao ulichopaka rangi nyeusi, na vipande vya chaki vifupi kama kifundo cha kidole.
- Kiti na meza vinavyoelewana. Nitarudi hapo.
- Punje chache za maharage makavu.
- Picha ya ukurasa mmoja wa kaye yake ya masomo, au ya ubao wa darasani, ili ujue mwalimu wake anaandika herufi za umbo gani.
- Wewe mwenyewe, dakika 10, siku tano kwa wiki. Usiponipa hiki, vingine vyote havina kazi.

Kifutio hakimo kwenye orodha, na sijakisahau. Mtoto mwenye kifutio anafuta kuliko anavyoandika, mpaka karatasi inatoboka. Akikosea, apige mstari mmoja juu ya neno, aliandike tena pembeni.

Kuhusu saa: hapa kwetu jua linazama karibu saa 12 jioni mwaka mzima. Ukingoja mpaka ule, uoge, umeme ukatike, mtoto ataandika kwa mwanga wa simu huku kivuli cha mkono wake kikifunika mstari. Fanyeni saa 10 au 11 jioni, karibu na dirisha, mwanga ukitokea upande wa mkono usioandika.

Hatua ya 1: Jaribu mkono kabla ya herufi

Mpe chaki. Mchoree duara, naye achore lake. Kisha msalaba, kisha mraba, kisha mistari miwili ya mshazari inayokatana kama X. Kwa kawaida duara huja karibu na miaka 3, msalaba karibu na 4, mraba karibu na 5, pembetatu baadaye kidogo. Mtoto anayeichora X bila taabu yuko tayari kwa herufi. Asiyeiweza atakwama kwenye k, v na z, hata akiwa na miaka 6 na nusu na shangazi zake wote wanasema ana akili.

Kama bado, funga kaye. Mpe kazi za vidole: kuchambua maharage, kumenya karanga, kufunga na kufungua vifungo vya shati, kuchora kwa kidole kwenye unga uliomwagwa juu ya sinia. Wiki tatu za kuchambua maharage zinamfaa kuliko miezi mitatu ya wewe kumshika mkono na kuusukuma.

Hatua ya 2: Mketishe vizuri

Nyumba nyingi tuna meza ya chini ya saloni (sebuleni) na viti vikubwa. Mtoto anapiga magoti, anajikunja, kidevu kinagusa kaye. Halafu tunasema mwandiko mbaya.

Miguu ikanyage kitu. Kama haifiki chini, weka bido (dumu) ya lita 5 iliyojaa maji, imelazwa, chini ya nyayo zake. Meza ifike kwenye kiwiko chake akiwa amekaa. Mkono usioandika ushike kaye. Hili la mwisho linasahaulika sana, na kaye inayoteleza haiwezi kutoa mstari ulionyooka.

Kaye isikae wima mbele yake kama sahani. Kwa anayeandika kwa kulia, izungushe kidogo ili kona ya juu ya kulia ipande. Kwa anayeandika kwa kushoto, kinyume chake, na kaye isogee upande wa kushoto wa kifua.

Hatua ya 3: Vidole

Kidole gumba na cha shahada vinabana, cha kati kinabeba kwa chini. Vidole vikae sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye ncha. Ukishindwa kumwelekeza kwa maneno, mpe kipande cha chaki kifupi sana: hakishikiki kwa ngumi, vidole vitatu vinajipanga vyenyewe. Baada ya siku chache rudisha kreyo.

*Anayeandika kwa mkono wa kushoto.* Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba mtoto ana ugonjwa. Hana. Usimfunge mkono, usimpige vidole, usimwambie ule ni mkono wa chooni. Nilimlazimisha mpwa wangu miezi sita. Alipata mwandiko wa kulia uliotetemeka na akaichukia kaye. Nilipomwacha arudi kwenye mkono wake alihitaji wiki mbili tu kunishinda.

Mabadiliko anayohitaji ni madogo: ashike kreyo mbali zaidi na ncha, sentimita 3 au 4, ili aone anachoandika, mkono ukae chini ya mstari, usijikunje kama ndoano juu yake, na sentensi ya mfano usiiweke pembeni kushoto, kwa sababu mkono wake utaifunika hapo hapo anapoanza. Iweke juu ya mstari wake, au kulia.

Hatua ya 4: Herufi, kwa mpangilio wa Kiswahili

Kwanza uamuzi: herufi za kuunganisha au za kuachana? Masomo mengi ya hapa yanafuata desturi ya Kifaransa na yanaanza kuunganisha mapema. Fuata ya darasani kwake, ndiyo maana nilikuomba picha. Mtoto anayefundishwa "a" moja masomoni na nyingine nyumbani anabaki na ya tatu, ya kwake mwenyewe.

Lakini mpangilio wa herufi ninaubadilisha, na hapa sikubaliani na wenzangu wengi. Orodha ya Kifaransa inaziacha k na w mpaka mwisho kabisa, kwa sababu Kifaransa hakizitumii isipokuwa kwenye maneno ya kukopa. Sasa jaribu kuandika Kiswahili bila k na w. Hakuna kaka, kuku, kwa, wetu, watoto. Mtoto anakaa miezi bila kuweza kuandika hata "kwetu".

Mimi ninaanza na hizi: i, u, n, m, a, k. Kila moja kwenye kibao kwanza, kubwa kama kiganja, halafu kwenye kaye. Angalia mwendo wa mkono, usiangalie sura tu:

- i na u zinashuka, zinapinda, zinapanda.
- n na m ni madaraja. Mkono unapanda, unavuka, unashuka.
- a ni duara linaloanzia juu kulia na kuzunguka kwa kupitia kushoto, kisha mstari wa kushuka. Watoto wengi wanalizungusha duara upande wa pili. Likiachwa hivyo, o, d na g zote zitaharibika, na akianza kuunganisha hataweza kutoka kwenye herufi moja kwenda nyingine. Rekebisha mapema, kabla mkono haujazoea.
- k ni ngumu kuliko zote za kwanza. Ipe wiki yake.

Zikikaa hizo, ongeza t, l, o, e, b, s, w, kisha nyingine. Q na x zingoje Kifaransa.

Kuhusu kimo, ninawaambia watoto herufi ni wakaaji wa nyumba. a, m, n, u wanakaa sebuleni, kati ya mistari miwili. l, k, b wanapanda darini. p, g, y wanashusha mguu chini ya sakafu. Mtoto akiandika "g" inayoelea sebuleni, muulize tu, "Huyu mguu wake uko wapi?" Atacheka, atashusha.

Hatua ya 5: Silabi na viungo

Kiswahili kimetupa zawadi: silabi zake nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Mtoto asiandike herufi pekee kwa muda mrefu. Akishajua m na a, aandike ma, kisha mama.

Kama anaunganisha, kuna mahali pa kukaa zaidi. Herufi nyingi zinatokea chini kwenda kwa jirani yake, lakini o, b, v na w zinatokea juu. Kwa hiyo wa, wi, bo, vi, oa zinahitaji mazoezi ya peke yake, maana mtoto anashusha mkia wa w mpaka chini na wa inasomeka kama herufi tatu. Silabi ya "wa" iko kila mahali kwenye Kiswahili. Iandikeni kwenye kibao mara tano kila siku kabla ya sentensi, wiki nzima.

Hatua ya 6: Ipate sentensi

Sentensi ya kwanza kabisa ninayoitumia ni "Mama ana kuku." Maneno matatu, herufi kumi na moja, na zote anazijua. Ndiyo sheria: usimpe sentensi yenye herufi ambayo mkono wake haujafundishwa.

Baada ya hapo, ichukue sentensi mdomoni mwake. Muulize, "Leo nyumbani kulikuwa na nini?" Atasema kitu. Ukifupishe kuwa maneno matatu au manne, umwandikie. Juzi binti wa jirani, miaka 6, aliniambia habari ndefu ya koko yake, yaani bibi yake, aliyetoka Walungu na mzigo. Tukatoa: "Koko ameleta mihogo." Aliiangalia kaye kama mtu anayeona picha yake. Ukimpa mtoto sentensi ya kitabu kuhusu theluji, atainakili, lakini hatakuwa na haja ya kuirudia kwa jicho.

Chache za kukusaidia, kutoka nyepesi kwenda nzito (sambaza ni samaki wadogo wa ziwa letu, sombe ni kisamvu):

- Kaka ana maua.
- Mtoto analala.
- Baba anauza sambaza.
- Mama anapika sombe.
- Mvua inanyesha juu ya bati.
- Tunachota maji kila asubuhi.

Hapa pana jambo la kwetu. Mtoto wa Bukavu anasema *mutoto, mukate, mupira*. Kitabu kinaandika mtoto, mkate, mpira. Akiandika kwa sikio ataweka u, na ana haki, maana ndivyo anavyosikia. Usimwambie anaongea vibaya. Mwambie mdomo una yake na kaye ina yake, kisha mpigie makofi: m-to-to, makofi matatu, m inapata kofi lake peke yake. Kunakili kunalimaliza jambo hili polepole bila ugomvi, kwa sababu jicho linaizoea "mtoto" kabla sikio halijaanza kubishana.

Hatua ya 7: Kunakili kwenyewe

Hii ndiyo hatua yenye kazi. Kaa pembeni yake, usikae ng'ambo ya meza, ili muione sentensi kwa upande mmoja.

1. Andika sentensi ya mfano mbele yake, polepole, ukisema silabi unapoziandika. Aone mkono wako unaanzia wapi. Acha mstari mmoja mtupu chini yake.
2. Aisome kwa sauti akifuata kwa kidole. Kama hawezi kuisoma, isomeni pamoja mara mbili. Sentensi asiyoielewa hainakiliwi siku hiyo.
3. Hesabuni maneno. "Koko ameleta mihogo": matatu. Na "ameleta" ni neno moja, lisikatwe. Watoto wengi wanaandika "ame leta".
4. Aangalie neno la kwanza peke yake. Alitaje kwa silabi: ko-ko.
5. Lifunike kwa kiganja chako au kwa kipande cha karatasi. Aliandike akilisema.
6. Funua. Alinganishe mwenyewe, silabi kwa silabi, kwa kidole. Wewe funga mdomo.
7. Weka punje ya haragwe baada ya neno. Neno linalofuata linaanzia upande wa pili wa punje.
8. Endeleeni hivyo mpaka nukta. Nukta ni sehemu ya sentensi, na herufi kubwa ya mwanzo pia.
9. Mwisho aizungushie duara herufi moja aliyoiandika vizuri kuliko zote. Achague yeye.

Yule binti wa jirani alipofika kwenye "ameleta" alifumba macho, midomo ikacheza, akaandika "ameta". Nilifunua. Kidole kikatembea: a, me… kikasimama. Akarudi nyuma, akaangalia juu, akaangalia chini. "Le imebaki," akasema, kama mtu aliyesahau chenji dukani. Akapiga mstari, akaandika tena. Sikusema neno. Ningekuwa nimemwahi kwa "umeruka silabi", angesahau kabla ya kufika nyumbani.

Sentensi moja kwa siku inatosha. Siku ya pili rudieni ile ile, lakini afunikiwe maneno mawili kwa pamoja. Siku ya tatu, sentensi mpya.

Onyo, kabla hujaendelea

Usimwandikishe ukurasa mzima. Akiandika mistari mingi, kuanzia mstari wa tatu hanakili tena mfano wako, ananakili mstari wake mwenyewe ulio karibu na jicho, pamoja na kosa lake. Ukitaka mistari mitatu, andika mfano juu ya kila mmoja.

Usiruhusu kuandika kwa safu. Utamkuta ameandika Mama, Mama, Mama kushuka chini, kisha amerudi juu kuweka ana, ana, ana. Mtoto ni mwerevu, anatafuta njia ya mkato, lakini hapo hakuna sentensi tena.

Usitumie kunakili kama adhabu. Mtoto aliyeandikishwa "Sitapiga kelele" mara hamsini hatakuja na furaha kwenye kaye yako saa 10 jioni.

Usimnyanyulie mkono kila mara. Mshike mara moja kumwonyesha, halafu uuachie.

Hatua ya 8: Isogeze sentensi mbali

Mwanzoni mfano uko juu ya mstari wake. Baada ya wiki tatu au nne, andika sentensi kwenye kipande cha karatasi, kiweke mezani juu ya kaye. Kisha kibandike ukutani hatua mbili tatu kutoka alipo. Kunakili kutoka ubaoni ni kazi tofauti na ya kutoka kwenye kaye: jicho linapanda, linatafuta, linashuka, na njiani neno linamwagika. Mtoto anayeandika vizuri nyumbani na vibaya darasani mara nyingi hajafundishwa safari hiyo.

Na mwalimu wake usimlaumu haraka. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za serikali hapa Kongo mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kuinama kwenye kila kaye kuangalia duara la "a" linazungukia wapi. Hilo limekuwa kazi yetu.

Hatua ya 9: Mwachie neno moja

Akinakili sentensi ya maneno manne bila kuruka, anza kuacha pengo. "Mama anapika ______." Anakili yaliyopo, la mwisho aliweke yeye: sombe, maharage, lengalenga, chochote. Wiki inayofuata mwachie maneno mawili. Baadaye aseme sentensi yake, uiandike, aisome, uifiche yote, aiandike. Siku moja atakuambia, "Ngoja, nitaandika mwenyewe." Atakosea tahajia. Mwache amalize, kisha chagua kosa moja tu, liwe sentensi ya kesho ya kunakili.

Ikikwama

*Anakandamiza kreyo mpaka karatasi inapasuka.* Weka karatasi tano chini ya ukurasa, mwambie aandike bila kutoboa ya pili. Pia angalia kreyo: ikiwa butu, anakandamiza ili ionekane. Uchonge wewe, na wembe usibaki mezani.

*Herufi zinaelea juu ya mstari.* Pitisha biki nyekundu kwenye mstari wa chini, iwe "sakafu". Mara nyingi ni kwamba hauoni vizuri, hasa kwenye kaye zenye mistari iliyofifia.

*Anageuza b na d, au anaandika namba kinyume.* Kabla ya miaka 7 ni kawaida. Usimpe zote mbili siku moja. Imarisha b peke yake kwa wiki mbili, kisha lete d. Akivuka miaka 7 na nusu, anageuza sana na kusoma pia kunamshinda, zungumza na mwalimu.

*Kutoka ubaoni anaruka maneno au anakaza macho.* Mpeleke akapimwe macho kabla ya kumwita mzembe. Mwombe mwalimu amkalishe mbele kwa wakati huo.

*Anaandika vizuri lakini polepole mno.* Kwa miezi ya kwanza, usimharakishe. Kama baada ya hapo bado anaangalia mfano kwa kila herufi, rudi Hatua ya 7, namba 4 na 5: hana tabia ya kubeba silabi nzima.

*Mkono unachoka, anautikisa.* Angalia ngumi. Kama vidole vimekunjamana, rudi kwenye chaki fupi. Kama viko sawa, punguza sentensi.

*Analia akiona kaye.* Ifiche wiki moja. Tumia kibao, unga kwenye sinia, kijiti kwenye udongo wa uani. Ukirudi, anza na neno moja: jina lake.

*Masomoni wanataka Kifaransa tu.* Kunakili kunafanya kazi ile ile, lakini Kifaransa kina herufi zisizosomwa, na mtoto anayetegemea sikio ataziacha. Kwa hiyo kamilisha kwanza Kiswahili, ambacho kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Ukifika kwenye Kifaransa, mwekee rangi herufi za kimya kwenye mfano wako, naye azinakili kwa rangi ile ile.

*Ni lini atumie biki?* Herufi zake zikikaa kwenye mstari bila wewe kusema kitu kwa mwezi mzima. Biki inateleza kwenye karatasi laini, na mwandiko utarudi nyuma kidogo. Weka karatasi mbili tatu chini ya ukurasa ili ncha ipate pa kushika. Mwalimu akidai biki mapema zaidi, aitumie masomoni, nyumbani endeleeni na kreyo.